Winga Aliyewekwa Beki

Mimi si mtu wa kukaa kimya mpira ukichezwa vibaya. Pale kwenye kibanda cha kuonyesha mechi, karibu na stendi ya Garsen, watu wananijua. Kocha akiwa na kijana mwenye mbio za kutisha akamfungia nyuma alinde, au akiwa na mshambuliaji mrefu wa kupiga vichwa halafu aagize pasi za chini chini kutwa nzima, damu inanipanda. Mwenye kibanda ameniomba mara nyingi nipunguze sauti, maana yule kocha wa kwenye televisheni hanisikii. Najua hanisikii. Hata kocha aliyekuwa akisimama karibu kabisa na goli langu, nikimwita na akigeuka, hakunisikia.

Watu hudhani huu ni ubishi wa mpira tu. Kocha anakosea, timu inafungwa, wiki ijayo kuna mechi nyingine. Ni kweli kwa timu. Mchezaji mmoja mmoja hana wiki nyingi hivyo, hasa akiwa kijana wa huku kwetu ambako wa kumtazama hupita mara moja kisha wakapotelea Mombasa. Nilimwona mmoja akiharibiwa nafasi yake mbele ya macho yangu, na aliyeiharibu alikuwa mtu mwema niliyempenda. Angekuwa mjinga au mwizi ningekuwa nimeshasahau.

Nilikuwa kipa wa timu ya vijana ya mjini. Kocha alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mpokomo wa Idsowe, mtu mwembamba aliyening'iniza filimbi shingoni hata akienda sokoni kununua nyanya. Timu aliianzisha baada ya ule mwaka mbaya, mwaka ambao wakulima wa Kipokomo na wafugaji wa Kiorma walishambuliana na makaburi yakachimbwa pande zote mbili. Mwaka huo alikuwa anafundisha darasa ambalo nusu ya madawati hayakuwa na watu. Mambo yalipotulia akapanda baiskeli akaanza kuzunguka kwa wazazi, wa mashambani na wa malishoni, akiwaomba vijana wao wacheze timu moja. Wengine walimkaribisha chai, wengine walimwacha asimame juani. Alirudi kwa wote.

Akaweka kanuni moja ambayo haikuandikwa popote lakini kila mchezaji aliijua: kila safu ichanganywe. Nyuma Wapokomo na Waorma, katikati Wapokomo na Waorma, mbele vivyo hivyo. Alitueleza siku ya kwanza kabisa ya mazoezi, tumekaa chini kwenye udongo mweusi uliopasuka pasuka kwa jua.

"Ulinzi ukiwa wa Wapokomo watupu na tukafungwa, Waorma watasema mmeuza mechi," alisema. "Mbele kukiwa na Waorma watupu na wakakosa magoli, Wapokomo watasema mnafanya makusudi. Kwa hiyo tukikosea, tukosee wote. Mumenielewa?"

Tulimwelewa. Na niseme haki, kwa wakati ule alikuwa amefikiri vizuri kuliko watu wengi wenye magari na ofisi. Nilishuhudia vijana ambao wazazi wao hawakusalimiana wakigombania chupa moja ya maji na kucheka.

Mimi nilipewa goli kwa hesabu hiyo hiyo. Golini husimama mtu mmoja, na mtu mmoja huwezi kumchanganya. Sisi kwetu ni Kipini, baba alihamia Garsen kuuza samaki wakavu na vitu vya dukani, kwa hiyo sikuwa wa upande wowote. Mimi nilitaka kucheza kiungo. Nilipomweleza baba kwamba nimefanywa kipa, alicheka mpaka akaweka mizani chini.

"Usidhani umetiwa pale kwa ajili ya mikono yako," akaniambia. "Umetiwa kwa kuwa hapa huna wa kukutetea wala wa kukusengenya."

Bahati nzuri mikono ilikuwepo. Na kipa ana faida moja, anaiona timu nzima kwa mgongo. Ukiwaangalia watu kwa mgongo kwa muda mrefu unajua nani anaogopa mpira, nani anajificha nyuma ya mwenzake, na nani amewekwa mahali ambapo si pake.

Rafiki yangu alikuja mjini kusoma sekondari, akapanga chumba nyuma ya duka letu. Alikuwa Mworma wa upande wa malishoni, mfupi, mpole, mwenye kucheka kwa pua. Alikuwa na mbio ambazo sijaziona tena kwa macho yangu mwenyewe, na mimi nimeona mpira mwingi. Nilikuwa nikipiga shuti refu kuelekea kona ya mbali, mpira ambao kila mtu keshausamehe, anakwenda anaukuta kabla haujaingia kwenye miba ya vichaka vya mathenge. Akiwa nao hakuwa na papara. Alipunguza mwendo kidogo, beki akadhani amemfikia, kisha akamwacha tena. Watu walisema mbio zile ni za kukimbiza ndama. Mwenyewe alisema ni za kuchelewa shule.

Shida ni kwamba alikuja nafasi zimeshajaa. Mbele, nafasi ya Mworma ilikuwa ya kijana aliyejiunga mwanzo kabisa, ambaye baba yake ndiye aliyewashawishi wazazi wengine wa Kiorma wakubali. Hakuwa mchezaji mbaya, alikuwa wa kawaida tu, lakini kumtoa kungekuwa kumvunjia mzee heshima mbele ya wenziwe. Wakati huo huo Mworma mmoja wa safu ya nyuma alikuwa ameondoka kwenda chuo, na ulinzi ukabaki na Wapokomo watupu. Mwalimu hakulala raha. Rafiki yangu alipofika akamtazama kimo, akamwuliza kwao ni wapi, akampa jezi ya beki wa kulia. Mbio alikuja kuziona baadaye, na akazisifu sana, lakini jezi haikubadilika.

Tena beki wa Mwalimu hakuruhusiwa kupanda. Mstari wa kati wa uwanja wetu ulichorwa kwa majivu ya jikoni, na mabeki waliambiwa wasiuvuke. Sababu ilikuwa ile ile. Beki akipanda na bao likaingia upande wake, mtu atasema aliacha mlango wazi makusudi. Kwa hiyo kila mechi nilimwona rafiki yangu akianza kukimbia na mpira, uwanja wote mbele yake mtupu, akifika kwenye majivu anapiga breki na kutoa pasi ya pembeni kwa mtu aliyesimama. Mimi kule nyuma nilikuwa nalia kwa hasira. Nilimpigia kelele Mwalimu. "Mwache aende!" Mwalimu aligeuka, akanipungia mkono kwa upole, akarudisha macho uwanjani.

Rafiki yangu hakulalamika hata kidogo. Ukimwuliza anakwambia, "Mwalimu amesema nyuma, mimi nacheza nyuma." Basi.

Halafu ikatangazwa kwamba fainali ya mashindano ya vijana itachezwa kwetu Garsen, na timu moja kubwa ya pwani italeta watu wa kutazama wachezaji. Wale watakaochaguliwa wangepewa mahali pa kulala, chakula, mazoezi ya kila siku na mafunzo ya ufundi. Mji ulizungumza habari hiyo kama vile mvua imekaribia. Kwa wengine ilikuwa ndoto ya kupitisha muda. Kwa rafiki yangu ilikuwa mlango pekee. Alikuwa amemaliza sekondari, matokeo hayakuwa ya kumpeleka popote, na baba yake alikuwa amemwambia waziwazi kwamba kiangazi kikiisha bila kazi wala chuo, atakwenda Madogo kwa amu yake kufanya biashara ya mbuzi. Hakuwa anaidharau biashara ya mbuzi. "Lakini mbuzi watanisubiri hata nikizeeka," aliniambia tumekaa kwenye magunia nyuma ya duka. "Miguu haisubiri." Alitaka ile nafasi kwa roho yake yote, na aliniambia mimi peke yangu.

Nusu fainali tuliicheza bila Mwalimu. Alikuwa amefiwa na ndugu yake huko Idsowe, akaacha maagizo kwa nahodha, beki wetu wa kati, Mpokomo mrefu asiye na maneno mengi. Kipindi cha kwanza tukafungwa bao moja. Mapumzikoni tumekaa kwenye kivuli cha ukuta wa ghala, nahodha akamwelekezea rafiki yangu kidole.

"Wewe panda mbele kulia."

"Mimi? Mwalimu alisema nyuma."

"Mwalimu yuko matangani. Panda, buda, tunafungwa."

Yule Mpokomo aliyekuwa anacheza pembeni kulia akavua uso wa kununa uliokuwa unaanza, akasema sawa, yeye atashuka kulinda. Mambo yakaisha hapo. Hakuna kikao, hakuna mzee aliyeitwa.

Nitaikumbuka nusu saa ile mpaka nife. Sikuguswa na mpira karibu kipindi kizima, nikabaki nimeegemea nguzo nikitazama. Rafiki yangu alivuka majivu mara ya kwanza kwa woga, kama mtu anayeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Mara ya pili hakuyaangalia. Alimpita beki wao, akampita tena yule yule aliyekuwa anamfuata, akasogeza krosi chini, nahodha mwenyewe, naye akiwa ameyavuka majivu, akafunga. La pili alifunga yeye. Na mimi, kwa sababu ya kuzoea hesabu za Mwalimu, nikageuka kuwatazama watu. Alasiri kivuli cha uwanja wetu huwa upande mmoja tu, kwa hiyo wote walikuwa wamebanana hapo, wa kofia na wa vilemba, wa majembe na wa bakora. Kulikuwa na mama mmoja wa Kipokomo muuza viazi ambaye tangu ule mwaka mbaya hakupita hata kwenye soko la mifugo. Alikuwa amesimama, ameacha mafuta yanaungua, anapiga kelele, "Mpeni mwanangu huyo! Mpeni huyo mfupi!"

Sikusikia mtu akiuliza mbele kuna Waorma wangapi. Niliwatafuta wanaouliza kwa macho na kwa masikio, sikuwapata.

Mwalimu aliporudi kutoka matangani nikaenda kwake nikiwa na furaha ya kijinga, nikiamini kwamba kazi imekwisha. Nilimkuta barazani kwake anasahihisha madaftari ya watoto. Nikampa pole ya msiba, kisha nikamweleza mechi yote, na mama wa viazi nikamtia. Alitabasamu nilipofika kwa mama wa viazi. Halafu akavua miwani.

"Nimefurahi mmeshinda. Lakini fainali nitapanga mimi, na kila mtu atarudi mahali pake."

"Mwalimu, yule si beki."

"Najua si beki."

Nilikuwa nimejiandaa kumthibitishia jambo ambalo alilijua tangu zamani.

"Wewe unaangalia mpira," akasema. "Mimi naangalia wanaoangalia mpira. Fainali watakuja watu kutoka kila upande, na watu wazima wenye kumbukumbu. Nikimpeleka mbele, nyuma wanabaki wa kwetu watupu. Bao moja likiingia, nitawaambia nini?"

"Juzi walishangilia wote, Mwalimu. Wote."

"Kwa sababu mlishinda. Ungewasikia kama mngefungwa."

Hilo halikuweza kupimwa, maana hatukufungwa. Na nilipomtazama niliona kwamba hakuwa mbishi, alikuwa na hofu. Aliyaona bado yale madawati. Mimi katika ule mwaka mbaya nilikuwa mtoto, nilifichwa chumbani, nikaambiwa baadaye. Yeye alijua majina ya waliokosekana. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia kwa pamoja, na mpaka leo hisia hizo mbili hazijaachana.

Nikamfuata rafiki yangu. Nikamwambia aende mwenyewe, amweleze Mwalimu habari ya Madogo, amweleze ni nini kinachopotea. Akatikisa kichwa.

"Wewe umeenda. Mimi siwezi."

"Huwezi kwa nini? Ni maisha yako!"

"Siwezi tu, ndugu yangu."

Nilidhani ni aibu, au ile heshima ya kupita kiasi kwa walimu. Nilimtolea maneno makali, akaondoka akaniacha nikiongea na magunia.

Siku ya fainali wageni walikuja kwa gari jeupe, wakaketi kwenye viti vya plastiki kivulini, kila mmoja na chupa yake ya maji. Tulicheza na timu kutoka Hola, vijana wenye miguu myepesi. Winga wao wa kushoto alikuwa mzuri, na wa kumkaba alikuwa rafiki yangu. Jamani, mtu yule hakujua kupora mpira. Alijua kuukimbilia tu. Alipitwa, akarudi mbio akamfikia, akapitwa tena. Mbio zake zote zilikwenda katika kusahihisha makosa ambayo beki wa kweli asingeyafanya. Mara moja tu mpira ulimwangukia na mbele yake hakukuwa na mtu. Akaondoka. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Nikamwona mmoja wa wale wageni akijisogeza mbele kwenye kiti. Rafiki yangu akafika kwenye majivu, akasimama, akageuka, akanirudishia mimi.

Yule mgeni akaegemea tena kiti chake. Kwa macho yake alikuwa ameona beki anayepitwa, na aliyechoka kabla ya wakati.

Mechi ikaisha bila bao, tukaenda kwenye penalti, nikaokoa ya mwisho. Nisiseme uongo, nilifurahi, nilibebwa juu juu, jezi ikachanika. Mwalimu alilia mbele ya watu. Wazee wa pande zote mbili walimshika mkono, na wa kwanza kumkumbatia alikuwa baba wa yule mshambuliaji wetu wa Kiorma. Kombe likazungushwa uwanja mzima. Nani atamkosoa kocha aliyechukua kombe? Tungefungwa, huenda mtu mwingine angekuwa ameliona kosa. Tuliposhinda, kosa lilivikwa medali.

Kisha wageni wakaita waliowachagua. Wawili wa Hola, mmoja wao yule winga. Kwetu wakamwita nahodha. Wakasema ahsanteni, wakaanza kukusanya chupa zao.

Nilikuwa karibu na Mwalimu, nikamwona uso ukibadilika. Nilimfahamu kiasi cha kujua anachokifanya kichwani. Amechaguliwa mmoja, naye ni Mpokomo, na kocha ni Mpokomo. Akaacha kombe mikononi mwa mtu akakimbilia gari. Nikamfuata. Rafiki yangu alikuwa nyuma yangu, viatu mkononi.

"Ndugu zangu, kuna kijana mwingine," Mwalimu aliwaambia, ameshika mlango wa gari. "Beki wangu wa kulia. Si beki yule, ni winga. Hamjaona winga kama yeye. Mpeni dakika chache hapa hapa, sasa hivi, mtaona."

Yule mgeni mkubwa hakuwa na kiburi. Alimtazama rafiki yangu, miguu peku, vumbi mpaka magotini.

"Kama ni winga, Mwalimu, kwa nini alikuwa beki?"

Mwalimu alifungua mdomo. Ningetoa chochote nimsikie anavyolijibu swali lile mbele ya mgeni, kwa maneno ya kueleweka. Alifunga mdomo.

"Sisi tunachukua tulichokiona," yule mgeni akasema. "Samahani sana." Gari likaondoka kabla barabara haijaingia giza.

Tukabaki watatu. Kule uwanjani walikuwa wanaimba bado. Mwalimu alikuwa ameanza kuelewa, na uso wake nisingependa kuuona tena kwa mtu mzima. Akamgeukia rafiki yangu, akamshika bega.

"Mwanangu, mbona hukuniambia? Huyu kipa amenipigia kelele mwaka mzima. Wewe hukuja hata siku moja. Ungekuja ukaniambia unaumia, ningekusikiliza."

Rafiki yangu aliweka viatu chini. Hakuwa na hasira, na ndiyo maana maneno yake yaliingia.

"Kipa akilalamika, Mwalimu, unasikia kipa," akasema. "Mimi ningelalamika, ungesikia Mworma."